Asubuhi moja Seoul: nilipe ziara ya makasri na hekalu, au niende mwenyewe?

"Shikamoo Mwalimu. Mwishoni mwa Novemba nitakuwa Seoul, Korea Kusini, kwa mafunzo ya kazi za maabara. Nitafika Jumatatu jioni na mafunzo yanaanza Jumanne saa 8 mchana, kisha ni darasani kila siku hadi siku ya kurudi Tanga. Kwa hiyo nina asubuhi moja tu ya kuona mji. Hoteli imenitumia kipeperushi cha ziara ya asubuhi yenye mwongozaji: wanakuchukua saa 2, mnapita hekalu la Jogyesa, kasri la Gyeongbokgung na gwaride la walinzi, makumbusho, halafu 'kituo cha jinseng' (mzizi wa dawa wa Kikorea), na kukurudisha saa 6 na nusu. Rafiki yangu aliyesoma huko anasema nitatupa hela: makasri yote yalichomwa na Wajapani, haya ya sasa ni ya kuigiza, na mwongozaji hana kazi kwa kuwa kila kitu kiko kwenye simu. Mimi ni Muislamu, sijui kama naweza kuingia hekaluni bila kulazimishwa jambo. Na goti langu la kushoto hunisumbua nikisimama sana. Nilipe, niende peke yangu, au nilale tu hotelini?"

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha historia ya Asia ya Mashariki kwa muda mrefu, na watu wa nyumbani wanaopita Seoul huniuliza swali kama hili mara kwa mara. Wengi huniuliza wakiwa tayari wamelipa. Wewe umewahi, na ni vizuri, kwa sababu kwenye mpango wako kuna tatizo ambalo lazima nilitaje kabla ya mengine yote.

Gyeongbokgung hufungwa kila Jumanne. Ni siku yake ya mapumziko ya wiki, na haifunguliwi siku hiyo isipokuwa ikiangukia sikukuu ya taifa. Korea haina sikukuu ya taifa mwezi Novemba. Kwa hiyo siku yako hutaliona Gyeongbokgung, na gwaride la walinzi mbele ya lango lake halitakuwepo. Kampuni za ziara zinalijua hili; kawaida siku ya Jumanne huwapeleka watu kasri la Changdeokgung, na taarifa hiyo huandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa ya kipeperushi. Waandikie leo uwaulize wazi: Jumanne mnatupeleka wapi? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, umeshapata jibu la swali lako la kulipa.

Usihuzunike lakini. Hata kama ungekuwa na Jumatano, kwa mtu mwenye asubuhi moja tu ningemwelekeza Changdeokgung vilevile. Sababu zake zinaanzia kwenye maneno ya rafiki yako, ambayo yana ukweli ndani yake lakini yamekatwa vibaya.

Gyeongbokgung lilijengwa mwaka 1395, miaka mitatu baada ya jenerali Yi Seong-gye kutwaa nchi na kuanzisha utawala wa Joseon. Mwaka 1592 majeshi ya Toyotomi Hideyoshi kutoka Japani yalivamia, mfalme akakimbilia kaskazini, na makasri ya Seoul yakateketea. Nani hasa aliwasha moto, wanahistoria hawajakubaliana. Kumbukumbu za Joseon zenyewe zinawataja wakazi wa mji waliojaa hasira baada ya kuachwa na mfalme wao. Kasri likabaki magofu kwa zaidi ya miaka 250. Lilijengwa upya miaka ya 1860 kwa amri ya Heungseon Daewongun, baba wa mfalme kijana Gojong. Japani ilipoitwaa Korea mwaka 1910, majengo mengi yalibomolewa au kuuzwa mbao zake, na mwaka 1926 serikali ya kikoloni ikakamilisha jengo kubwa la mawe mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi, ili mtu anayetazama kutoka mjini asiuone ukumbi wa mfalme. Jengo hilo lilibomolewa miaka ya 1995 na 1996. Tangu mwaka 1990 Korea imekuwa ikirudisha kasri hilo jengo baada ya jengo.

Kwa hiyo ndiyo, sehemu kubwa ya Gyeongbokgung unayoweza kuiona leo ni kazi ya miongo hii michache. Lakini ukumbi wa kiti cha enzi, Geunjeongjeon, na ukumbi wa karamu uliosimama juu ya bwawa, Gyeonghoeru, ni ile ile ya mwaka 1867. Kusema "yote ni ya kuigiza" ni kuwakosea mafundi hao.

Na hata yale yaliyojengwa juzi hayastahili jina hilo. Majengo ya Korea ni ya mbao zilizoshikana kwa viungo vya kuchonga, vigae juu, na rangi ambayo hupakwa upya kila baada ya muda. Nguzo ikioza chini hukatwa sehemu iliyooza na kuunganishwa mbao mpya. Paa likivuja hufunuliwa lote. Watu wa pwani hatuhitaji maelezo marefu hapa: nyumba ikibadilishwa makuti na boriti mbili, hakuna anayesema babu alikufa na nyumba yake. Swali la maana kwa jengo la namna hii ni kama fundi wa leo alifuata vipimo, mbao na viungo vya fundi wa zamani. Mfano mzuri ni Gwanghwamun, lango kuu la Gyeongbokgung. Lilihamishwa na wakoloni, sehemu yake ya mbao ikaungua katika Vita vya Korea, na mwaka 1968 likajengwa upya kwa zege lililopakwa rangi, tena nje kidogo ya mstari wake. Hilo ndilo lililokuwa la kuigiza, na Wakorea wenyewe hawakuridhika nalo. Walilibomoa, wakalijenga tena kwa mbao mahali pake pa asili, likafunguliwa mwaka 2010.

Sasa Changdeokgung. Lilijengwa mwaka 1405, nalo likaungua mwaka 1592, lakini lilirudishwa mapema karne ya 17 na ndilo lililokuwa makao makuu ya wafalme wakati Gyeongbokgung likiwa magofu. Maana yake ni kwamba wafalme wa Joseon waliishi Changdeokgung muda mrefu kuliko kasri lingine lolote. Lango lake, Donhwamun, ni la mwanzoni mwa karne ya 17. Daraja lake la mawe, Geumcheongyo, ni la mwaka 1411. Ukumbi wake wa kiti cha enzi, Injeongjeon, ni wa mwaka 1804. UNESCO ililiingiza kasri hili kwenye urithi wa dunia mwaka 1997.

Halafu kuna kisa kimoja ambacho ningependa umsimulie rafiki yako. Mwaka 1917 moto uliteketeza nyumba za kulala za mfalme na malkia ndani ya Changdeokgung. Serikali ya kikoloni haikukata mbao mpya. Iliyavunja majengo ya Gyeongbokgung, ikazibeba mbao na kujenga nazo Changdeokgung. Nyumba ya mfalme ya Gyeongbokgung, Gangnyeongjeon, ikawa Huijeongdang. Nyumba ya malkia, Gyotaejeon, ikawa Daejojeon. Kwa hiyo mtu anayesimama leo mbele ya Huijeongdang anatazama mbao za kale za Gyeongbokgung, na anayesimama Gyeongbokgung mbele ya Gangnyeongjeon anatazama jengo la miaka ya 1990. Lipi kati ya hayo mawili ni "halisi"? Mimi nimelifikiria swali hili miaka mingi na bado naona kila moja lina haki yake.

Hapo ndipo mwongozaji anapopata kazi. Simu itakwambia jina la jengo na mwaka. Haitakugeuza uso na kukuambia: tazama pale chini, kwa nini kuna tundu jeusi kwenye ukuta wa msingi? Kasri la Korea lilikuwa na samani chache sana, na vyumba vingi vinatazamwa kutoka nje tu, mlango ukiwa wazi. Mgeni asiyeelekezwa huona ua, paa, ua, paa, na baada ya nusu saa anaanza kutafuta pa kukaa. Aliyeelekezwa husoma.

Nikupe machache uende nayo hata ukikosa mwongozaji.

Ukipita Donhwamun utatarajia kwenda moja kwa moja hadi kwa mfalme. Huwezi. Unatembea mbele, unakata kulia kuvuka daraja, unakata tena kushoto ndipo unaufikia ukumbi wa kiti cha enzi. Gyeongbokgung limenyooka kutoka kusini hadi kaskazini, lango baada ya lango, mlima Bugak ukiwa nyuma yake, kama kanuni za kupanga mji mkuu zilivyotaka. Changdeokgung lilijengwa miguuni mwa vilima, na upande wa kusini kulikuwa tayari na Jongmyo, mahali pa kuwaenzi mababu wa kifalme, hivyo wajenzi wakaifuata ardhi ilivyolala. Hiki ndicho wataalamu wa UNESCO walichokisifu zaidi: majengo yaliyokubali kupinda ili kilima kibaki.

Kila kasri lina kijito na daraja karibu na lango. Kijito kiliwekwa makusudi. Anayevuka anaiacha nje dunia ya kawaida na kuingia mbele ya mfalme, ndiyo maana kando ya daraja wamechongwa wanyama wa kulinda. Katika ua wa Injeongjeon utaona mawe mafupi yamepangwa safu mbili, yameandikwa. Ni mawe ya vyeo. Maofisa wa kiraia walisimama upande wa mashariki, wa kijeshi magharibi, mwenye cheo cha juu karibu na mfalme na wa chini mbali. Njia ya katikati iliyoinuliwa ilikuwa ya mfalme. Tembea pembeni tu, kwa adabu.

Chungulia ndani ya ukumbi. Nyuma ya kiti cha enzi pana mchoro wa jua, mwezi na vilele vitano vya milima. Ulikuwa unawekwa popote alipokaa mfalme wa Joseon. Bila mfalme mbele yake mchoro haujakamilika. Juu kidogo utaona taa za umeme. Usidhani ni uharibifu wa wahifadhi: ziliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa mfalme wa mwisho, naye aliishi na umeme, mapazia na samani za kizungu. Karibu na ukumbi huo pana Seonjeongjeon, ofisi ya mfalme, lenye paa la vigae vya buluu, la pekee lililobaki katika makasri yote ya Korea.

Na lile tundu jeusi. Ni mdomo wa jiko la kupasha sakafu, ondoli. Moto uliwashwa chini, moshi ukapita kwenye mifereji chini ya mawe bapa ya sakafu, ukatokea kwenye bomba la moshi lililosimama mbali na nyumba. Chumba chote kilipata joto kutoka chini, ndiyo maana Wakorea walikaa na kulala sakafuni na kuvua viatu mlangoni. Wewe utakayefika Novemba, asubuhi ikiwa karibu na nyuzi sifuri, utaelewa kwa miguu yako kabla ya kichwa. Mbele ya kumbi kubwa kuna pia masufuria makubwa ya chuma au shaba yenye maji. Waliamini pepo wa moto akija ataona uso wake mwenyewe majini, aogope, akimbie. Ukijua idadi ya majengo yaliyoungua, huwezi kuwacheka.

Usiondoke bila kufika nyumba ya Nakseonjae, upande wa mashariki. Haina rangi zile za kijani na nyekundu. Mfalme Heonjong aliijenga mwaka 1847 kwa mbao tupu, mithili ya nyumba ya msomi. Watu wa mwisho wa ukoo wa kifalme waliishi hapo hadi mwaka 1989: binti mfalme Deokhye, aliyepelekwa Japani akiwa msichana na kurudi mwaka 1962 akiwa mgonjwa, na Yi Bangja, mke wa mrithi wa mwisho wa kiti. Walifariki mwaka huo huo, wakipishana siku chache. Kwangu mimi hapa ndipo historia ya Joseon inapoishia hasa, na watalii wengi hupita bila kusimama kwa sababu nyumba haing'ai.

Nyuma ya kasri kuna bustani ya wafalme, Huwon. Haiingiwi ovyo, unaingia kwa tiketi ya ziada na kwa saa maalum, pamoja na mwongozaji wa kasri. Sehemu ya tiketi huuzwa mtandaoni siku chache kabla, nyingine langoni asubuhi. Kuna bwawa la mraba lenye kisiwa cha duara, mfano wa dunia na mbingu kwa fikra zao, na juu yake maktaba aliyoianzisha Mfalme Jeongjo mwaka 1776. Ni pazuri kupita maneno. Lakini inachukua zaidi ya saa moja, kuna miinuko na ngazi, na majani ya rangi mwishoni mwa Novemba yatakuwa yameshaanguka. Kwa goti lako na muda wako, mimi ningeiacha.

Kuhusu hekalu. Vipeperushi huweka kasri na hekalu kwenye asubuhi moja kana kwamba vilikuwa mikono miwili ya mfalme mmoja. Haikuwa hivyo. Kabla ya Joseon, utawala wa Goryeo uliulea Ubudha. Waliounda Joseon walifuata mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, wakaupiga vita Ubudha, wakapunguza mahekalu na kuwazuia watawa kuingia ndani ya kuta za mji mkuu. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1895 tu. Ndiyo maana mahekalu ya kale ya Korea yako milimani, na ndani ya mji wa zamani wa Seoul huwezi kupata hekalu lenye umri wa makasri. Jogyesa, lililo makao makuu ya madhehebu ya Jogye, lilianza mwaka 1910. Ukumbi wake mkubwa ni wa mwaka 1938, na mbao zake zilitoka Jeongeup, kusini, kwenye jumba la dini mpya iliyoitwa Bocheongyo. Kilicho cha kale pale ni miti: msonobari wa takriban miaka 500 na mti mkubwa mwingine wa takriban miaka 450. Ukitaka hekalu lenye mizizi mirefu bila kutoka mjini, kuna Bongeunsa, kusini mwa mto Han, lililoanzishwa mwaka 794 na kuokolewa katika karne ya 16 na Malkia Munjeong aliyewatetea Mabudha. Lakini liko mbali na makasri, na asubuhi yako haitoshi.

Hofu yako ya kulazimishwa jambo naweza kuiondoa upande wa desturi za pale. Hakuna atakayekuomba usujudu, uchome ubani wala utoe sadaka. Mgeni husimama uani, hutazama, huondoka. Wengi wa Wakorea wenyewe si Mabudha: sensa ya mwaka 2015 ilionyesha kiasi cha asilimia 56 hawana dini, na Wakristo walikuwa wengi kuliko Mabudha. Kwa hiyo mtu anayetembelea hekalu bila kuabudu ni jambo la kila siku. Ukichagua kuingia ukumbini, tumia mlango wa pembeni, kwani wa katikati mbele ni wa watawa, vua viatu, usipige picha ndani, usipite mbele ya mtu anayesujudu. Asubuhi, kuelekea saa 4, huwa na ibada na ukumbi hujaa, kwa hiyo wahi kabla ya hapo. Hijabu yako haitamshangaza mtu. Na ukiona alama ya msalaba uliokunjwa ncha kwenye paa au lango, usishtuke. Ni alama ya Kibudha ya kale, ya karne nyingi kabla ya Wanazi kuiteka ile inayofanana nayo.

Upande wa dini yako sina mamlaka. Kama moyo una shaka kuhusu kuingia ndani ya ukumbi wenye sanamu, muulize sheikh wako kabla ya safari, uso kwa uso, umweleze kwamba ni kutazama tu. Akikuambia ubaki nje, hujapoteza kitu kikubwa: ua wa Jogyesa, miti yake na sauti ya mtawa akighani vyote viko nje, na kuingia ni bure.

Sasa niipime ziara yako bila upendeleo. Faida yake ni kweli: gari linakuja mlangoni, hupotei, na goti linapumzika kati ya vituo. Mtu mwenye mzazi mzee au watoto ningemwambia alipe bila kusita. Hasara yake iko mwishoni mwa orodha, kwenye "kituo cha jinseng". Ziara nyingi za bei nafuu hupita duka la jinseng au la vito kwa sababu duka hulipa kamisheni, na kamisheni hiyo ndiyo iliyoshusha nauli yako. Halazimishwi mtu kununua, lakini muda wa pale unatoka kwenye muda wa kasri. Katika saa 4 na nusu, ukitoa foleni za barabarani, kukusanya abiria kwenye hoteli nyingine na duka, kasri linabaki na saa moja au pungufu. Uliza kampuni dakika ngapi mtakuwa ndani ya kasri, na kama kuna ziara isiyo na duka. Zipo, bei yake huwa juu kidogo, na zinastahili. Ukiishia dukani, kumbuka pia kwamba baadhi ya vinywaji vya jinseng vya kuonja vina kileo. Uliza kabla ya kupokea kikombe.

Ushauri wangu kwako hasa: acha ziara ya basi, nenda mwenyewe, lakini usiende bila mwongozaji. Changdeokgung lina ziara za kuongozwa bure, zikiwemo za Kiingereza, kwa saa maalum. Angalia ratiba ya Novemba kwenye tovuti ya kasri, na siku yenyewe thibitisha langoni. Kiingilio kwa miaka mingi kimekuwa won 3,000, na Huwon won 5,000 zaidi. Kundi linaweza kuwa kubwa, kwa hiyo simama karibu na mwongozaji, muulize maswali, na akimaliza rudi peke yako kwenye majengo mawili uliyoyapenda. Kama una rafiki au mwenyeji anayefahamu watu Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, mjulishe unakuja. Chuo hicho kinafundisha Kiswahili katika kampasi yake ya Yongin, nje ya Seoul, na kutembea kasrini na mwanafunzi wa Kikorea anayekuongelesha Kiswahili ni zawadi ambayo hakuna basi litakupa.

Safari yenyewe ni rahisi. Nunua kadi ya nauli ya T-money uwanja wa ndege au dukani, panda treni ya chini ya ardhi hadi Anguk, laini namba 3. Toka kwa mlango namba 6 uende Jogyesa kwanza, saa 2 na nusu hivi, wakati ua umetulia. Kisha tembea taratibu kuelekea Changdeokgung, robo saa hivi kwa mtu asiye na haraka. Goti likilalamika, chukua teksi. Kasri hufunguliwa saa 3. Saa 6 kasoro uwe umemaliza. Ukiona moyo bado uko kwenye gwaride la walinzi, kasri la Deoksugung, karibu na jengo la halmashauri ya jiji, nalo hufanya gwaride saa 5 asubuhi, na Jumanne huwa wazi. Lakini vyote vitatu kwa asubuhi moja ni kukimbia, nami sikushauri.

Kuhusu kulala hotelini, wazo hilo si la kijinga. Korea iko mbele yetu kwa saa 6. Gari la saa 2 asubuhi ni saa 8 usiku kwa mwili uliotoka Tanga jana yake. Ukiamka Jumanne kichwa kizito, lala hadi saa 3, ruka Jogyesa, nenda kasri pekee. Ziara ya basi haikupi uhuru huo, na ni sababu nyingine ya kutoilipia kabla.

Goti. Ardhi ya makasri ni mchanga na kokoto, vizingiti vya milango ni virefu, na mabenchi ni machache. Vaa viatu vilivyozoea mguu, rahisi kuvua na kuvaa, na soksi nzito. Kama goti huvimba, hukwama au huachia ghafla unaposhuka ngazi, usiningojee mimi wala usingoje safari; muone daktari Tanga kabla ya kuondoka. Ndani ya ndege simama na utembee kila baada ya muda. Na baada ya kufika, shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au ukipata shida ya kupumua, hiyo haina uhusiano na goti na haisubiri asubuhi: nenda hospitali mara moja. Namba ya dharura ya gari la wagonjwa ni 119. Ukipotea au ukihitaji mtu wa kukutafsiria mambo ya safari, piga 1330, simu ya watalii inayopokewa usiku na mchana, kwa Kiingereza pia.

Adhuhuri mwishoni mwa Novemba huingia Seoul muda mfupi baada ya saa 6 mchana. Msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko Itaewon. Kutoka Anguk panda laini namba 3 hadi Yaksu, ubadilishe laini namba 6. Jirani na msikiti utapata chakula cha halali. Ila mafunzo yanaanza saa 8, kwa hiyo angalia kwanza darasa lako liko upande gani wa mji. Likiwa kaskazini, sali hotelini, ule, na Itaewon uiwekee jioni nyingine baada ya darasa.